“Mali Ikiuzwa Hairudishwi”: Kasoro ya Gari Ni Mzigo wa Nani?

Chini ya risiti nyingi zinazotolewa katika maduka ya vipuri vya magari ya Kariakoo kuna mstari mmoja wa maandishi madogo ambao mnunuzi huusoma siku anaporudi, si siku anaponunua. Mstari huo unasema kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Wengine huupiga kwa muhuri mwekundu. Wengine wameubandika ukutani, juu ya kaunta, pembeni mwa Ayatul Kursiy iliyotiwa fremu. Hilo la pili ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Sisi tunaosali Mchafukoge hatuna safari ndefu ya kwenda kutafuta vipuri. Ukipita Mnazi Mmoja na kuvuka Lumumba umekwisha kuingia Kariakoo, na ukiteremka upande wa Gerezani na Mtaa wa Shaurimoyo utakuta kila kinachofungwa kwenye gari, kuanzia nati ya gurudumu hadi injini nzima iliyofungiwa kwenye mbao. Hiyo ni riziki ya maelfu ya familia: wenye maduka, mafundi, wapagazi, na wale vijana wanaoitwa mawinga, wanaomshika mteja mkono barabarani na kumfikisha kwenye duka asilolijua ili wapate chao katikati. Wengi wao tunasimama nao safu moja. Kwa hiyo tunayoyasema humu hatuyasemi kwa watu wa mbali.

Zamani mambo yaliyoletwa mbele ya kamati ya msikiti yalikuwa ni ndoa, mirathi na ugomvi wa majirani. Siku hizi, baada ya sala ya Ijumaa, huletwa pia magari. Dereva wa teksi analalamika kuwa pedi za breki alizofunga mwezi uliopita zimekwisha kuachana na bamba lake la chuma. Mama anayepeleka watoto shule anasema gari lake limebadilishwa plagi mara mbili na bado linakohoa asubuhi. Malalamiko hutofautiana kwa jina la kipuri, lakini kiini chake ni kimoja: kifaa kile kile kinakufa, kinanunuliwa kingine, nacho kinakufa, na hakuna mtu hata mmoja, kuanzia dukani hadi kiwandani, anayekubali kusema kuwa jambo hilo linamhusu.

Msikiti nao haukusalimika. Gari letu dogo, linalobeba watoto wa madrasa na siku nyingine hutumika kusindikiza jeneza hadi makaburi ya Kisutu, lilibadilishwa boljointi ya mbele kushoto mara tatu katika muda wa miezi kumi. Kwa wasomaji wetu wasiofungua boneti, tueleze. Boljointi ni kifundo cha chuma kilicho mfano wa kifundo cha bega la mwanadamu, tufe ndani ya kikombe, kinacholishika gurudumu huku kikiliruhusu kugeuka na kupanda na kushuka. Kikichoka, usukani huyumba na gari hugonga kila likipita shimo. Kikichomoka, gurudumu hulala ubavuni na dereva hana tena gari la kuliongoza. Mara zote tatu kifaa kilitoka ndani ya boksi lenye jina la kiwanda kinachoheshimika. Mara ya tatu tulipokirudisha dukani, mwenye duka hakugomba wala hakutukana. Alinyoosha kidole ukutani, akasema kwa upole, “Ustadh, si tuliandika?”

Insafu inatulazimu tuanze na upande wake. Tulimwendea fundi mmoja mkongwe wa Gerezani, tukamwekea zile boljointi tatu mezani. Hakuanza kwa kumlaumu muuzaji. Alituuliza maswali: Je, mpira unaofunika kifundo ulikuwa mzima? Mpira huo ukipasuka, hata kwa ufa mdogo, mchanga na maji ya barabarani huingia, grisi hutoka, na tufe husagika kama kinu kisicho na nafaka. Je, aliyefunga alikibonyeza mahali pake kwa mashine au alikigonga kwa nyundo? Kifaa kizima hugeuka kuwa kibovu kwa mapigo manne ya nyundo. Je, bushi za mkono wa chini zilikaguliwa, na magurudumu yalipimwa mlingano? Kwani kifundo kinachobeba mzigo usio wake kitakufa hata kikiwa kimetoka Japani kwa ndege. Kwa maneno mengine, kipuri kinachokufa mara kwa mara huweza kuwa ni maiti tu, na muuaji yuko pengine kwenye gari. Mwenye gari anayebadilisha kifaa kile kile mara tatu bila ya kuuliza kwa nini amemdhulumu muuzaji kwa lawama na amejidhulumu mwenyewe kwa fedha.

Baada ya hapo ndipo fundi aliposema la pili. Alitwaa boljointi mbili kati ya tatu, akazipima mikononi. Moja ilikuwa nyepesi. Alama zilizochapwa kwenye chuma zilikuwa na kingo butu, kama mhuri uliotumika sana, na nambari iliyo kwenye boksi haikulingana na iliyo kwenye kifaa chenyewe. “Hii imevalishwa kanzu ya mwenzake,” alisema. Sokoni kuna lugha nzima ya jambo hili. Kuna orijino, kuna kopi, kuna ya mtumba iliyofunguliwa kwenye gari jingine, na kuna feki. Katika hizo, tatu za kwanza si dhambi kuziuza. Kopi ya bei nafuu iliyotajwa kuwa ni kopi ni mali halali, na maskini mwenye gari anaihitaji. Ya mtumba vilevile. Kinachoharamisha ni boksi: kopi inapoingizwa ndani ya boksi la orijino na kuuzwa kwa bei ya orijino, biashara imekwisha kugeuka kuwa ghushi.

Msomaji asidhani kuwa udanganyifu ni ugonjwa wa Shaurimoyo peke yake. Viwanda vikubwa vya dunia vimefanya yaliyo mazito zaidi, tena kwa karatasi nadhifu na wahandisi wenye shahada.

Kampuni ya Takata ya Japani ilianza mwaka 1933 kama kiwanda cha kufuma, ikaja kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mikanda ya usalama na mifuko ya hewa, ile ambayo mafundi wetu huiita eabegi. Mfuko wa hewa hujazwa kwa mlipuko mdogo uliopimwa. Takata ilitumia kemikali iitwayo amonia naitreti, ambayo ni rahisi kwa bei lakini hubadilika inapokaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu. Ikisha kuharibika, hulipuka kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa, hupasua mtungi wake wa chuma, na vipande vya chuma hurushwa kwenye uso na shingo ya yule ambaye mfuko ulikusudiwa kumwokoa. Honda ilitoa wito wa kwanza wa kurejesha magari kwa sababu hiyo mwezi Novemba 2008, takriban magari 4,000 tu. Wito ulipanuka mwaka hadi mwaka, ukaingia Toyota, Nissan, Mazda, BMW na wengineo, hata nchini Marekani peke yake ukafikia mitungi milioni 67. Mei 2015 Toyota iliita karibu magari milioni 5 duniani, yakiwemo Corolla na Vitz, majina ambayo hakuna mtaa wa Dar es Salaam usiokuwa nayo. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani, kwamba iliwapa watengenezaji wa magari taarifa za uongo za majaribio, na kulipa dola bilioni moja. Juni mwaka huo huo iliomba kufilisiwa.

Tunaomba msomaji arudi kidogo kwenye maneno mawili: joto na unyevunyevu. Mamlaka za Marekani zilipoanza kupanga ni magari yapi yashughulikiwe kwanza, zilitanguliza majimbo na visiwa vyenye hewa ya namna hiyo, kama Florida, Hawaii na Puerto Rico. Kifo cha kwanza nje ya Marekani kilichohusishwa na mitungi hiyo kilitokea Malaysia mwaka 2014, naye alikuwa mwanamke mjamzito. Sasa tazama mahali tulipo. Gari linaegeshwa Mchafukoge mwezi wa Februari, madirisha yamefungwa, jua la saa saba liko juu yake, na hewa ya bahari inalowesha nguo zilizoanikwa. Kama kuna mahali ambapo kasoro ile ingependa kuishi, ni hapa.

Mfano wa pili ni mfupi. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilikuwa na swichi ya ufunguo iliyolegea, ambayo ingeweza kujizima gari likiwa mwendoni, na ikisha kuzima mifuko ya hewa haifunguki. Watu ndani ya kampuni walilijua tatizo kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya wito wa kurejesha magari kutolewa mwaka 2014. Mwaka 2006 kipuri kilibadilishwa kimyakimya, kikatengenezwa vizuri zaidi, lakini nambari yake ikaachwa ile ile ya zamani, na hilo likawapoteza waliokuwa wakitafuta chanzo cha ajali. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Bei ya kifaa chenyewe haikufika dola moja. Boksi moja, nambari moja, na ndani vitu viwili tofauti: mwenye duka wetu angeuelewa mchezo huo mara moja.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kati ya mwenye gari wa Marekani au Japani na mwenye gari wa hapa, na ndiyo inayotuuma. Kule, jina la mwenye gari limesajiliwa. Barua humfikia nyumbani, gari hupelekwa kwa wakala, kifaa hubadilishwa bila malipo. Japani ilikwenda mbali zaidi: tangu Mei 2018 magari yenye mitungi ya Takata ya hatari kubwa ambayo hayakutengenezwa yalianza kuzuiwa kupita katika ukaguzi wa lazima wa serikali. Gari lisilopita ukaguzi haliruhusiwi kutembea barabarani kule. Lakini hakuna anayelizuia kupanda meli. Barua ya wito inapoandikwa, inapelekwa kwa mzee wa Nagoya au Osaka aliyeliuza gari hilo miaka mingi iliyopita, naye huenda ameitupa, kwa kuwa gari si lake tena. Gari liko Msimbazi, limebeba watoto wanne.

Wala njia ya kujitafutia habari si nyepesi. Magari mengi yaliyoundwa kwa ajili ya soko la Japani hayana ile nambari ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Yana nambari fupi ya chesesi, herufi chache na tarakimu, halafu kistari, halafu tarakimu nyingine. Ukiiingiza nambari hiyo kwenye tovuti ya Marekani, itakujibu kuwa haiitambui, na wengi hufurahi wakidhani kuwa gari lao ni salama. Mahali pake ni katika kurasa za watengenezaji wenyewe kule Japani, ambazo zimeandikwa Kijapani. Vijana wa simu za kisasa huweza kuzisoma kwa msaada wa programu za tafsiri. Mzee mwenye Corolla ya kuendea shambani Kibaha hawezi, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kuna kitu cha kusoma.

Hapa ndipo tunapotaka kuuweka mstari wa risiti mbele ya sheria ya Mwenyezi Mungu.

Wanachuoni wa fiq’hi huita kasoro kwa neno ambalo Kiswahili kimelichukua na kulipa maana nyingine: aibu. Mnunuzi aliyekuta aibu katika mali aliyonunua, aibu iliyokuwamo kabla hajaipokea na inayopunguza thamani au makusudio yake, ana hiari ya kuirudisha na kurejeshewa thamani yake. Hiari hii haikutungwa na wanunuzi wa Kariakoo. Inasimuliwa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono wake ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume (s.a.w.) akamhoji kwa nini hakuuweka uliolowa juu ili watu wauone, na akajitenga na mwenye kughushi. Angalia kwamba mtu yule hakusema uongo wowote. Mvua ilinyesha kweli. Kosa lake lilikuwa ni mpangilio: kikavu juu, kilicholowa chini.

Karibu zaidi na habari ya magari ni hadithi ya mnyama aliyeachwa makusudi siku kadhaa bila ya kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Mnunuzi wa mnyama huyo alipewa hiari: akiridhika amshike, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokunywa. Gari ambalo kilometa zake zimerudishwa nyuma, au lililopigwa rangi mpya juu ya kutu, ni kiwele hicho hicho kilichojazwa.

Je, muuzaji anaweza kujivua kwa kuandika mapema kwamba mali haitarudishwa? Swali hili ni la zamani kuliko mashine za risiti. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Abdallah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti la kutodaiwa aibu. Mnunuzi akadai kulikuwa na ugonjwa ambao hakuambiwa. Wakafikishana kwa Khalifa Uthman bin Affan (r.a.), naye akamtaka Ibn Umar aape kwamba alipouza hakuujua ugonjwa huo. Ibn Umar, mwana wa Umar, sahaba ambaye hakuna aliyemshuku kwa udanganyifu, alikataa kuapa, akampokea mtumwa wake na kurejesha thamani. Baadaye alimuuza tena kwa dirham 1,500. Msingi wa hukumu ya Uthman unaeleweka na kila mtu: sharti halimkingi anayejua. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani hii, mlango ni mwembamba zaidi. Kauli yenye nguvu, kama alivyoipanga Imam Nawawi katika Minhaj, ni kwamba sharti la kujivua humsalimisha muuzaji kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, basi. Mnyama hula na hubadilika, na ugonjwa wake hujificha. Boljointi haili.

Kwa hiyo maneno yale mekundu hayana uzito ambao wenye maduka wanaudhania. Lakini fiq’hi hiyo hiyo inamfunga na mnunuzi, na hili husahauliwa. Akisha kuijua kasoro anatakiwa arudishe bila ya kuchelewa na aache kukitumia kitu. Anayeendelea kulitembeza gari mwezi mzima kisha akarudi na hasira ameiangusha hiari yake kwa mkono wake. Kasoro iliyoletwa na nyundo ya fundi baada ya kununua si ya muuzaji. Na kama kitu kina kasoro ya zamani lakini mnunuzi naye amekiharibu kwa namna nyingine, hakirudishwi kwa nguvu. Hutazamwa fidia ya upungufu, ile inayoitwa arshi. Ni mizani ya pande mbili.

Sheria za nchi nazo hazikunyamaza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza mwenendo wa kupotosha mlaji, nayo pamoja na sheria ya mauzo ya bidhaa inayahesabu baadhi ya masharti kuwa yamo katika mauzo hata kama hakuna aliyeyataja, kama vile kwamba bidhaa iwe na ubora unaofaa na ilingane na maelezo yake. Bidhaa bandia zina sheria yake ya alama za bidhaa ya mwaka 1963, ambayo FCC hiyo hiyo huitumia kuzikamata, na viwango viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Wachache miongoni mwetu huenda huko. Hufikiri ni ofisi za wakubwa, au wanaogopa kuharibu ujirani, au, na hili ndilo la mara nyingi, hawana risiti ya EFD kwa sababu walikubali kupunguziwa bei ili wasiandikiwe. Aliyenunua bila ya risiti ameuza ushahidi wake kwa elfu mbili.

Tumejadiliana na baadhi ya wenye maduka wanaosali nasi. Mmoja alituambia jambo la haki: yeye naye hununua boksi limefungwa, kutoka kwa mwagizaji, na akirudishiwa kifaa, mwagizaji hampokei. “Mkinilazimisha mimi, mmenifilisi mimi, na yeye anaendelea kuleta.” Hilo ni kweli, na ndiyo maana hiari ya kurudisha haiishii kwenye kaunta ya rejareja. Kila muuzaji katika mlolongo ni mnunuzi wa aliye nyuma yake, na kasoro ya kiwandani ilikuwamo kabla ya wote hawajaipokea. Mwingine amekwisha kuchapa kitabu kipya cha risiti. Badala ya mstari ule ameandika aina ya kifaa, orijino au kopi au mtumba, kwa kalamu, mbele ya mteja, pamoja na siku saba za kurudisha kikikutwa na kasoro. Anasema wateja wengine humcheka. Anasema pia kwamba mawinga wamepunguza kumletea watu, kwa sababu dukani kwake hakuna nafasi ya kupandisha bei juu ya neno orijino.

Upande wa kamati, tumeweka daftari katika ofisi ya msikiti. Mwenye gari la Japani anaweza kuja Jumamosi baada ya Alasiri na nambari ya chesesi, ambayo imo kwenye kadi ya gari na kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye fremu ya mlango, na vijana wawili wa madrasa wanaojua kompyuta watamtafutia katika kurasa za mtengenezaji. Akikutwa na wito usiotekelezwa, aichukue karatasi hiyo aende nayo kwa wakala wa aina ya gari lake aulize. Asikubali fundi wa mtaani aufungue mfuko wa hewa, kwani ule ni mlipuko uliofungwa kwenye kopo. Na akina mama wasisubiri daftari: watoto wakae kiti cha nyuma na wafungwe mikanda. Hilo ni sahihi kwa gari lolote, lenye Takata na lisilo nayo.

Katika nambari za kwanza zilizoletwa, moja ilijibiwa. Mwenye gari ni ndugu yetu mwenye mke na watoto wawili. Ukurasa ulionyesha kuwa mtungi wa mfuko wa hewa wa abiria wa mbele uliitwa miaka mingi nyuma, na kwamba hakuna kumbukumbu ya kubadilishwa. Aliwaandikia waliomuuzia kutoka ng’ambo. Wakamjibu kuwa gari liliuzwa kama lilivyo. Wakala aliyemwendea alipokea karatasi na kumwambia asubiri kuitwa. Tangu siku hiyo mkewe hukaa nyuma pamoja na watoto, na kiti cha mbele kushoto huwekwa mkoba wa vitabu.

Alikuja kutuuliza jambo moja. Anataka kuliuza. Gari ni zuri, injini haina tatizo, na mnunuzi akilitazama hataona kitu. Je, analazimika kusema? Tulimjibu kuwa sasa yeye ndiye mwenye kujua, na kwamba tangu aliposoma ule ukurasa amesimama mahali pale pale aliposimama Ibn Umar mbele ya Uthman. Alinyamaza. Kisha akauliza kama atakapomweleza mnunuzi anatakiwa ampe na ile karatasi ya Kijapani, au maneno yanatosha. Tulimwambia ampe na karatasi. Watu watatu wamekwisha kuja kulitazama gari hilo. Wawili waliondoka baada ya kuionyeshwa, na wa tatu ameomba apunguziwe milioni moja na nusu, na bado hawajaafikiana.